Asante sana, kaka uliyenisomea mita ya maji

Kaka yangu, jina lako sikuuliza, nawe uliondoka kabla sijakushukuru vya kutosha. Friji ilikuwa imekufa wiki ileile, na bili ya maji ikaja maradufu. Nilikuwa nimechoka kabisa. Ukaniambia nifunge mabomba yote, kisha ukanionyesha mita: kile kigurudumu kidogo bado kilikuwa kinazunguka! Kumbe maji yalivuja chooni, ndani ya tangi la kuflashia, kimyakimya, usiku na mchana. Ukabadilisha mpira mmoja tu uliochakaa, kigurudumu kikatulia tuli. Watoto wakapiga makofi. Hukutaka chochote zaidi ya bei ya mpira. Jioni ile nilicheka, mara ya kwanza wiki nzima. Mungu akubariki, wewe na mikono yako.