Harambee ya sikukuu ya somo wetu: mwaka huu sare hapana

Tumsifu Yesu Kristo wanajumuiya, na majirani msio Wakatoliki mnaosoma hapa karibuni tu.

Tarehe 3 Novemba ni sikukuu ya somo wetu (mtakatifu msimamizi wa jumuiya) Mtakatifu Martin wa Porres na tunajua huwa inaendaje, kitenge cha sare, pilau, soda, picha, tumemaliza. Mwaka huu kikao kimesema sare hapana, hela yote iende kwa wagonjwa wetu walioko majumbani, kuna watu wamenuna (na mimi nimo, kitambaa nilishachagua) ila nikakaa nikawaza hivi huyu somo mwenyewe alikuwa mtu wa aina gani.

Bruda huyu kazaliwa Lima, Peru, mwaka 1579, mama yake mweusi aliyetoka utumwani, baba Mhispania. Alijifunza ukinyozi, na kinyozi wa enzi zile ndo huyo huyo anafunga vidonda na kuchemsha dawa za majani. Alipoenda kwa Wadominiko, shirika la watawa wa Kikatoliki, sheria za kule zilimbana sababu ya rangi yake, basi akaingia kama mtumishi tu wa kufagia na kuhudumia wagonjwa, ndo maana kwenye picha zake ameshika ufagio. Inasimuliwa siku moja alimwokota ombaomba ana vidonda mwili mzima akamlaza kitandani kwake mwenyewe, mwenzake akamgombeza anachafua mashuka, akamjibu shuka si linafuliwa kwa sabuni! Na nyumba yao ya watawa ilipoelemewa na madeni akasema basi niuzeni mimi. Kafa 1639, Papa Yohane XXIII kamtangaza mtakatifu 1962.

Sasa na sisi mashuka ya kufua tunayo. Kuna mama amepooza upande mmoja, kuna mzee wa kisukari kakatwa mguu anasubiri kiti mwendo, na wengine wanakosa tu nauli ya kliniki. Zaidi ya yote ni pampasi za watu wazima, jamani hizo ndo zinamaliza hela, pakiti unanunua leo kesho kutwa unaulizwa nyingine.

Hata buku tunapokea. Huna hela leta sabuni, unga, shuka safi hata kama limetumika, au njoo Jumamosi tusaidiane kumgeuza na kumwogesha mgonjwa maana wanaowauguza wamechoka migongo. Hela apewe mweka hazina mkononi baada ya sala ya jumuiya na uhakikishe ameandika kwenye daftari, msitume watoto.

Pilau ipo, msiogope. Ila wagonjwa wanapelekewa kwanza.