Barua ya wazi kwa mwakilishi wadi aliyetoka mahakamani

Mheshimiwa,

Hongera kwa kiti. Watu wa wadi yako wamemchagua wakili kijana, na wengi wao wanangoja siku utakaposimama ukumbini umhoji waziri wa kaunti mpaka atokwe na jasho. Hilo tunajua utaliweza. Sisi tunaokuandikia kazi yetu ni kuandaa karatasi za kamati katika mabunge ya kaunti nchini Kenya, na tuna ombi lingine: kabla ya kushika kipaza sauti, shika kalenda. Mahakamani uamuzi huja mwisho, pande zote zikishasikizwa. Bungeni, hoja ikifika ukumbini huwa imekwisha kuamuliwa kwenye kamati, na aliyeiamua mara nyingi ni yule mwenzako mkimya aliyekaa na majedwali wiki mbili.

Tuanze na bajeti. Uchaguzi wetu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, ilhali mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo siku unayoapishwa, pesa za mwaka mzima zimeshagawanywa na waliokutangulia. Usimwahidi mtu daraja kabla ya Krismasi. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata nao unatakiwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, wakati wewe hujapata hata meza. Muulize karani nakala yake wiki ya kwanza, uone wadi yako imeandikiwa nini, kisha ulinganishe na ule mpango mkuu wa kaunti wa miaka 5.

Tarehe ya kuizungushia wino mwekundu ni 28 Februari. Hapo ndipo karatasi ya mkakati wa fedha wa kaunti huwasilishwa bungeni, na bunge lina siku 14 kuijadili na kuipitisha, kwa marekebisho au bila. Ni karatasi inayochosha, na wengi huiacha kwa kamati ya bajeti. Lakini ndani yake mna ukomo wa kila idara: afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki, maji kiasi hiki. Makadirio yenyewe huja kufikia tarehe 30 Aprili, na kufikia hapo umeshachelewa. Soma kifungu cha 131 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012: bunge haliwezi kurekebisha makadirio kinyume na uamuzi wake juu ya ile karatasi ya Februari, na ukitaka kuongeza mahali sharti useme unapunguza wapi. Kila mwaka yupo mheshimiwa anayesimama Juni akitaka milioni za zahanati, hana jibu akiulizwa zipunguzwe wapi, na hoja yake inaanguka. Wewe njoo na jibu hilo limeandikwa: namba ya fungu, kiasi kinachotoka, kiasi kinachoingia.

Halafu angalia mradi umeandikwaje. Ukiona “ukarabati wa barabara mbalimbali wadini”, jua pesa hizo hazina mwenyewe. Zinaweza kuhamishwa kwenye bajeti ya nyongeza na hakuna atakayethibitisha kwamba kuna kitu kimeondolewa. Dai mstari unaotaja jina la barabara, inapoanzia na inapoishia, kilomita ngapi, changarawe ya unene gani, kalvati ngapi. Wewe umezoea kusoma mikataba. Huo mstari usome kama mkataba. Mkandarasi akiweka kalvati 2 badala ya 4, unacho cha kumshikia.

Ardhi ndiyo inayotuuma zaidi, labda kwa sababu hapa wakili angeokoa mengi kwa jitihada ndogo. Wazee wanasema, “Tumetoa shamba, jengeni darasa la chekechea.” Darasa linajengwa, linapakwa rangi, linafunguliwa kwa nyimbo. Baada ya muda anatokea mjukuu na hati yenye jina la babu aliyefariki zamani, mirathi haijawahi kufunguliwa, na wale wazee hawakuwa na mamlaka ya kutoa hata hatua moja. Kabla mradi haujaingia kwenye makadirio, omba upekuzi wa hati katika sajili ya ardhi. Ikiwa mwenye jina ni marehemu, familia ianze na mirathi. Darasa lingoje. Kwa zahanati ongeza swali moja: mishahara ya wauguzi na dawa ziko kwenye fungu la matumizi ya kawaida la mwaka gani? Jengo bila fungu hilo litabaki na kufuli.

Kuhusu miswada, hatuna mengi ya kukufundisha, ila ushiriki wa umma usiuone kama mapambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, na ushiriki wa wananchi ulikuwa kiini cha kesi. Ukileta mswada, weka jalada tangu siku ya kwanza: tangazo na lugha lilimotolewa, mahali na saa, orodha ya waliohudhuria, maoni yao, na jibu la kamati kwa kila oni, hata lile lililokataliwa na kwa nini. Hilo jibu ndilo husahauliwa. Na mswada wako ukigusa kodi au matumizi, zungumza na kamati husika na waziri wa fedha mapema, la sivyo spika atausimamisha.

Sasa nje ya ukumbi. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakutaka utoe ujuzi wako wa kitaaluma katika mijadala ya bunge. Kifungu hichohicho kinakukataza kujihusisha, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, na kazi za serikali tendaji ya kaunti. Kumchagulia mhandisi mkandarasi ni kuvuka mstari huo. Kusimama kwenye eneo la ujenzi ukitoa amri kwa mafundi pia, hata kama picha itapendeza. Ukiona kasoro, iandikie kamati. Bunge lina uwezo sawa na wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi na kudai nyaraka. Kwa nini ugombane na fundi?

Ofisi ya wadi itajaa. Watakuja na kadi za harusi, michango ya matanga, karo, na kwa sababu wewe ni wakili watakuja na kesi. Usiwe wakili wa mpiga kura dhidi ya mpiga kura mwingine: ukishinda umempoteza mmoja, ukishindwa umewapoteza wawili. Mfundishe msaidizi wako kuelekeza. Deni lisilozidi shilingi milioni 1 lina mahakama ya madai madogo, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe. Asiye na uwezo ana huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria. Migogoro ya shule za msingi na polisi si ya kaunti. Sema hivyo waziwazi siku ya kwanza, hata kama wanakunja uso.

Chemba zako, yaani ofisi yako ya uwakili, nazo zinahitaji uamuzi. Vikao 8 bila ruhusa ya spika ya maandishi wala sababu ya kuridhisha, Katiba inasema kiti kiko wazi. “Nilikuwa na kesi” ni sababu dhaifu. Kesi yoyote inayoigusa kaunti, ya kuitetea au kuishtaki, iache kabisa, pamoja na ya mkandarasi wake. Ukiwa na maslahi katika jambo lililo mbele ya kamati, tamka kabla mjadala haujaanza na uhakikishe tamko hilo limeingia kwenye kumbukumbu.

Mwisho, omba kiti katika kamati ya hesabu za umma. Wapya hukimbilia kamati za barabara na afya, na hii huachwa. Mkaguzi Mkuu hutakiwa kutoa ripoti ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na bunge lina miezi 3 kuijadili na kuchukua hatua. Ripoti hizo huelekea kulundikana. Chukua ya karibuni, fungua penye hoja za malipo yasiyo na stakabadhi, uandike maswali 10 yenye namba ya vocha. Karani atakupangia tarehe ya kuwaita maafisa wahasibu.

Wako,
Waandaaji wa karatasi za kamati