Shukrani kwa kaka wa ubalozini aliyetutoa Khartoum

Vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 tulikuwa ndani ya Ramadhani. Jeshi la Sudan na wapiganaji wa RSF, kikosi cha wanamgambo, walirushiana risasi mtaani kwetu. Umeme ukakatika, maji yakakatika, tukawa tunafuturu kwa tende na maji ya kugawana kikombe kimoja. Pasipoti yangu ilikuwa imefungiwa ofisini chuoni.

Namshukuru kaka mmoja wa ubalozi wetu wa Tanzania. Jina lake sikuliuliza, na hilo najutia. Alinipigia usiku: "Mdogo wangu, pasipoti isikuzuie. Nitumie picha." Asubuhi alikuja na hati ya dharura ya kusafiria. Safarini alituhesabu kila basi liliposimama. Alimwachia dada mmoja mjamzito kiti chake, yeye akakaa juu ya dumu la maji hadi mpakani mwa Ethiopia. Pale uhamiaji alisimama dirishani mpaka wa mwisho wetu alipogongewa muhuri, ndipo akala.

Anayemtambua amfikishie salamu: mama humtaja katika dua kila Ijumaa. Nanyi mlio nchi za watu, jiandikisheni ubalozini mapema. Namba yangu aliipata kwenye orodha hiyo.