Tunafungiwa magari kwa mistari isiyosomeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako nieleze jambo lililonipata Kariakoo mwezi wa kwanza, kwa sababu najua halikunipata mimi peke yangu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule Mwananyamala. Kwetu Januari ndiyo msimu wenyewe. Wazazi wanakaa mlangoni wakisubiri, na kitambaa kikiisha asubuhi lazima kipatikane kabla ya adhuhuri. Siku hiyo nilikwenda na kirikuu changu kuchukua majora manne ya tetroni. Nikaegesha kwenye mtaa mmoja mdogo unaotokea Msimbazi, ndani ya kisanduku kilichochorwa kwa rangi nyeupe. Nasema ndani ya kisanduku kwa sababu nilishuka nikakiangalia, na magurudumu yote manne yalikuwa ndani. Mbele yangu kulikuwa na magari mawili na nyuma moja, yote yamekaa vivyo hivyo. Kijana wa ushuru wa maegesho alipita na mashine yake, akaingiza namba ya gari langu, akaenda zake. Kwa mtu mwenye akili timamu, anayekutoza ada ya kuegesha amekubali kwamba hapo panaegeshwa.

Niliporudi na majora begani kwa mchukuzi, gurudumu la mbele lilikuwa limefungwa chuma na kufuli. Karatasi kwenye kioo ilisema nimeegesha juu ya mstari wa njano.

Kijana aliyekuwa amesimama pale alinisalimia vizuri, shikamoo mama, sina ugomvi naye. Nikamuuliza, "Mwanangu, mstari wa njano uko wapi?" Akanionyesha kwa ncha ya kiatu. Nikainama, sikuona kitu. Akasugua mchanga kwa soli, ndipo kikatokea kipande cha njano iliyofifia, kama doa la binzari kwenye shati jeupe lililofuliwa mara kumi.

Nilikuwa na futi shingoni, kama kawaida yangu nikitoka kazini. Nikachuchumaa nikapima, watu wakakusanyika. Kipande cha kwanza cha njano kilikuwa sentimita 34. Baada yake lami tupu, nikailaza futi yangu ya sentimita 150 karibu mara mbili ndipo nikafikia kipande kingine, nacho kilikuwa sentimita 11 tu. Baada ya hapo kiraka cha lami mpya, cheusi, hakina rangi yoyote hadi kona. Lakini kisanduku cheupe kilikuwa na pembe zake zote nne, na mstari wake nilikuta ni sentimita 10 kwa upana, karibu ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipiga picha kila kitu, futi ikiwa juu ya lami ili namba zisomeke.

Kaka yangu alifanya kazi za barabara miaka mingi. Jioni nilimwonyesha zile picha, akanieleza kilichotokea bila hata kufika pale. Visanduku vyeupe ni vya zamani. Ilipoamuliwa kwamba upande ule usiegeshwe tena, badala ya kukwangua rangi ya zamani kwa mashine, waliipaka nyeusi juu yake, kisha wakachora njano pembeni. Rangi nyeusi ya juu ndiyo huwa ya kwanza kuondoka, kwa matairi, jua na mvua, na nyeupe ya chini ikatokea tena. Njano nayo ilikuwa rangi ya kawaida ya kopo. Mistari ya kudumu, kaka alisema, huchorwa kwa rangi maalumu inayoyeyushwa kwenye moto wa nyuzi joto zinazokaribia 200, ikamwagwa ikiwa bado ya moto na kunyunyiziwa chenga ndogo za kioo ili ing'ae taa za gari zikiimulika usiku. Ya kopo, kwenye mtaa unaopitwa na mikokoteni, bajaji na malori ya mizigo kutwa nzima, masika moja inaitosha. Juu ya hayo yote, wachimba mabomba walikata lami, wakafukia, wakaondoka, na hakuna aliyerudi kuchora.

Kwa hiyo dereva anayefika pale leo anakuta barabara inamwambia maneno mawili. Moja linasomeka, nalo linasema egesha hapa. Jingine limefutika. Anaadhibiwa kwa kutolitii lile lililofutika.

Sikatai kwamba mji unahitaji utaratibu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya watu milioni moja kwa miaka kumi, na mitaa ya Kariakoo ni ile ile tuliyoikuta. Tangu mwendokasi ianze mwaka 2016, Msimbazi imetoa njia kwa mabasi, jambo jema kabisa, na magari yaliyokuwa yakisimama huko yamejazana kwenye mitaa ya pembeni. Anayeegesha hovyo akazuia gari la zimamoto afungiwe, na mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Ninachosema ni kwamba alama ya barabarani ndiyo tangazo la katazo. Kama tangazo halipo, dereva amekosa nini?

Kilichoniumiza zaidi ni pale nilipokwenda ofisini kupinga. Nilipokewa na baba mmoja wa makamo, mtu mwenye subira. Alitazama picha zangu moja moja, akakuza ile ya futi, akavua miwani akasema, "Mama, ni kweli, huu mstari hausomeki." Nikafurahi. Akaendelea, "Lakini namba ya malipo imeshatoka, na mfumo huku kwetu hauna sehemu ya kufuta. Lipa kwanza gari litoke, halafu andika barua." Nililipa, nini tena ningefanya? Nina watoto wa watu wanaosubiri sare, na gari likilala pale gharama inaongezeka. Fedha ile ilikuwa faida yangu ya wiki nzima. Barua niliandika siku hiyo hiyo, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Wiki ya sita sasa, sijajibiwa.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inasema haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote kinachohusika, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufani. Sioni neno "baada ya kulipa" mle ndani. Kusikilizwa kwa mwenye gari lililofungwa kuna maana kukifanyika kabla fedha haijamtoka, na kukifanywa na mtu mwenye mamlaka ya kufuta.

Naomba wahusika wafanye mambo ambayo hayahitaji bajeti ya kutisha. Mtaa wowote ambao mistari yake imefutika au inapingana, ufungaji wa magari usimame hadi uchorwe upya, na mistari ya zamani ikwanguliwe, isipakwe nyeusi. Anayefunga gari apige picha ya mstari wenyewe pamoja na namba ya gari, na picha hiyo imfikie mwenye gari. Kama mstari hauonekani kwenye picha, basi hakuna kosa la kuandika. Anayechimba barabara asilipwe malipo ya mwisho kabla hajarudisha alama alizozikuta. Na ule mfumo uwekewe sehemu ya kufuta. Uliandikwa na binadamu, binadamu wanaweza kuurekebisha.

Kwa madereva wenzangu: ukifungiwa gari mahali pa namna hiyo, usianze kwa kugombana na kijana aliyesimama pale. Piga picha kabla gari halijasogezwa, kwa mbali ionekane kona ya mtaa, kisha kwa karibu ionekane rangi au lami tupu. Weka kitu cha kupimia, hata kalamu. Hifadhi risiti ya ada ya maegesho ya siku hiyo. Ukipeleka barua, dai nakala yako igongwe muhuri.

Jumamosi iliyopita nilirudi mtaa ule kutafuta vifungo. Mstari ni ule ule, na kile kipande cha sentimita 11 sasa kimekwisha kabisa. Katika kisanduku nilichoegesha mimi kulikuwa na gari dogo limefungwa, na dada mmoja amesimama kando yake na mtoto mgongoni, anageuza ile karatasi huku na huku. Nilimtumia picha zangu zote kwenye simu, na nakala ya barua yangu aitumie kama mfano.

Wako,
Fundi cherehani,
Mwananyamala, Dar es Salaam