Barua kwa Mwanangu: Njaa Yako Iamini

Mwanangu mpenzi,

Kuna mambo mawili nimeyaona mezani siku hizi, na nimeamua kuyaandika ili uyasome ukiwa peke yako, umetulia. Kabla hujapakua unatazama kwanza dada yako amepakua kiasi gani, kisha wewe unaweka pungufu ya chake. Na juzi uliniuliza, "Mama, nimekula kingi?" huku kijiko kimekwama mkononi, hujui urudie au uache. Sikukujibu, kwa sababu jibu lake liko tumboni mwako, halipo kwangu. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hata mama yako mzazi hawezi kuijua njaa yako kukushinda wewe.

Ulipokuwa mchanga ulilijua jambo hili bila kufundishwa. Ukisikia njaa uligeuza kichwa huku na huku ukitafuta ziwa, ukanyonya ngumi. Ukishiba uliliachia, ukageuza uso, na hapo hakuna aliyeweza kukubembeleza.

Katika miaka ya 1920 huko Marekani, daktari wa watoto aitwaye Clara Davis aliwawekea watoto walioanza kuachishwa ziwa vyakula vya aina nyingi wajichagulie wenyewe, na walezi wakaamriwa wasiwashawishi. Mtoto angeweza kushikilia chakula kimoja leo, kesho asikitazame. Hata hivyo walikua vizuri. Davis mwenyewe alieleza kwamba vyakula vyote alivyowawekea vilikuwa vya kawaida na vyenye lishe, na hapo ndipo ninapoiona kazi yangu: kuhakikisha chakula kizuri kipo mezani. Kiasi cha kula ni kazi yako.

Mwili una njia zake za kukuarifu. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo huamsha njaa kwenye ubongo. Mafuta ya mwilini nayo hutoa leptini, inayoueleza ubongo kwamba akiba ipo. Taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika sawasawa, kwa hiyo anayekula mbio humaliza kabla hajaisikia. Weka kijiko chini katikati ya mlo, upumue, ujiulize kama bado unataka. Na njaa haiji kwa mngurumo wa tumbo peke yake. Wewe nakujua: huanza kununa bila sababu, kichwa kinauma, unasoma ukurasa uleule mara mbili.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Unaruka chakula cha mchana, usiku unakula hadi tumbo linauma, kisha unajiita dhaifu. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wanaume 36 wazima wa afya walijitolea kwa utafiti, na kwa takriban miezi sita walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea. Walianza kuwaza chakula mchana kutwa, wakasoma vitabu vya mapishi, wakaramba sahani. Walipoachiwa kula tena, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado hawakuhisi wameshiba. Watu hawa walichaguliwa kwa uimara wao wa mwili na akili. Mwili ulionyimwa hudai haki yake, na unapodai wewe unajihukumu kuwa huna msimamo. Kila ukijinyima na kushindwa, unajiamini kidogo kuliko jana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kuliko mizani yoyote.

Ndiyo maana nataka uanzie kwenye sahani. Ukiweza kusema "nimeshiba, asante" mbele ya mtu mzima anayekusukumia chakula, kwa heshima na bila kujieleza, umeiamini sauti yako mwenyewe. Ukiweza kusema "nina njaa" mbele ya rafiki zako wanaojisifu kwamba hawajala tangu asubuhi, umefanya jambo gumu zaidi. Sauti hiyohiyo utaihitaji siku mtu atakapokushurutisha jambo usilolitaka.

Kuna siku utakula kwa sababu una huzuni, au kwa sababu chakula ni kitamu tu. Hilo si kosa. Jua tu kilichokupeleka jikoni, maana huzuni ikiwa kubwa itahitaji pia mtu wa kuzungumza naye.

Siku nyingine ishara hazisikiki. Homa, baadhi ya dawa, wasiwasi wa mtihani na kukosa usingizi huweza kuifunika njaa. Siku hizo kula kwa saa zako, usiingoje. Na ukiona unaogopa kula, unajitapisha kwa makusudi, au hedhi imekatika, njoo uniambie saa yoyote, hata usiku wa manane. Hiyo huweza kuwa dalili ya ugonjwa, nao una tiba, na tutakwenda hospitali pamoja.

Kwa upande wangu, sitahesabu vijiko vyako. Sitautaja uzito wako, wala wa mtu mwingine yeyote mbele yako, na nimeshawaomba wote humu ndani wafanye hivyo. Ukibakiza chakula, nitakihifadhi bila neno. Ukirudia, nitakusogezea bakuli.

Mama yako akupendaye