Risala ya Kikundi cha Wanafunzi wa Maabara ya Mifupa kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana mgeni wetu, tunajua ratiba yako imebana kwa hiyo hatutakuchosha na historia ya kikundi, tumeanzaje na wanachama wako wangapi, hayo katibu atakupa kwenye karatasi. Sisi tunataka tukuelezee kitu kimoja tu ambacho ndo kazi yetu kila siku, nacho ni dozi.

Watu wengi wakisikia dawa ya mifupa inayoisha, yaani osteoporosisi, wanawaza dawa ipi. Sawa, ila kwetu swali gumu ni kiasi gani, maana mfupa ukiuona umekaa kimya hivi ujue ndani kuna seli zinabomoa, osteoklasti, na kuna zinazojenga, osteoblasti, na kazi hiyo haisimami mpaka unakufa. Ukizuia ubomoaji kupita kiasi umeharibu matengenezo ya kawaida, ukizuia kidogo dawa haina maana.

Tunafanyaje sasa? Tunaanza na seli. Osteoklasti unaziweka juu ya kipande chembamba cha mfupa, unaweka dawa ya viwango tofauti, baada ya siku chache unahesabu vishimo zilivyochimba. Dozi zikipita hapo tunaenda kwa panya jike waliotolewa ovari, maana estrojeni, homoni ya kike, ikishuka mfupa unaanza kupungua ndani ya wiki chache tu, kama inavyowatokea akina mama wakikoma hedhi. Kundi moja linafanyiwa upasuaji wa kuzuga, wanafunguliwa na kushonwa bila kutolewa kitu, lingine linatolewa ovari na halipewi dawa, halafu yanafuata makundi ya dozi ya chini, ya kati na ya juu.

Kuna kipimo tunakipenda sana na tungetamani ukione leo kwenye hadubini. Panya anachomwa tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, mara mbili kwa siku zilizopishana, ile dawa inajishika palepale mfupa mpya unapojengwa, ukija kukata kipande na kukimulika kwa mwanga wa urujuanimno unaona mistari miwili ya njano inang'aa. Unapima umbali kati yake, unagawa kwa siku, umejua mfupa unajengwa kwa kasi gani. Mistari ikikaribiana sana kwenye dozi ya juu tunajua dawa tunayoijaribu imefunga na fundi mjenzi pia.

Na hii sio nadharia. Etidroneti, ya kwanza kwanza kwenye familia ya bisfosfoneti, yaani dawa za kuzuia ubomoaji wa mfupa, dozi yake ya kuzuia ubomoaji ilikuwa karibu mno na ile inayozuia mfupa mpya usishike madini, ndo maana ilitolewa kwa awamu, 400 mg kwa siku 14 halafu mapumziko marefu. Alendroneti iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995 ina nafasi kubwa zaidi kati ya dozi hizo mbili, 10 mg kwa siku, na kwa sababu inang'ang'ania kwenye mfupa ikaja kuwezekana kunywa 70 mg mara moja kwa wiki. Teriparataidi, dawa ya sindano ya kujenga mfupa, ndo kichekesho, ukiichoma mara moja kwa siku inajenga, ukiiacha itiririke mwilini muda wote inabomoa! Kwenye utafiti wa wanawake uliotoka 2001 walijaribu mikrogramu 20 na 40, kinga ya uti wa mgongo ikawa karibu sawa, madhara yakawa mengi kwa 40, basi ikabaki 20.

Lakini mfano unaotunyima usingizi ni floraidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1990 uliwapa akina mama 75 mg za sodiamu floraidi kila siku kwa miaka minne, ujazo wa mfupa wa uti wa mgongo, yaani wingi wa madini ndani yake, ukapanda kwa asilimia 35, kila mtu angeshangilia, kumbe kuvunjika kwa uti wa mgongo hakukupungua vya maana na mifupa mingine ikavunjika zaidi. Mfupa ulikuwa mwingi ila mbovu.

Hapo ndo penye ombi letu mheshimiwa. Mashine ya kupima ujazo tunayo. Ya kukunja mfupa mpaka uvunjike ili tujue nguvu yake hatuna, tunaazima, na foleni yake ni ndefu mpaka sampuli zinakaa kwenye friza muda mrefu. Tunaomba utusaidie tuipate. Ombi la pili ni mtaalamu wa takwimu wa kukaa nasi kabla hatujaanza jaribio, sio baada, maana idadi ya panya ikikosewa mwanzo, wanyama wanakufa bure na dozi bado hatuijui, na kwa kweli hilo linatuuma.

Tuko tayari kukuonyesha ile mistari ya njano ukimaliza chai, hadubini imeshawashwa.

Tunaomba kuwasilisha.