Aliyeuona ni Kamoya

Mwende sasa,

Habari za huko Makueni? Umeniuliza kama ni kweli Turkana Boy, ile mifupa ya kijana wa kale sana, aliokotwa na Richard Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya kale, vile kijana wako ameandika kwa kazi ya shule. Zii. Aliyemuona ni Kamoya Kimeu, Mkamba mwenzenu, tena wa hapo hapo Makueni, na mimi hiyo siwezi acha ipite hivi hivi.

Ilikuwa Agosti 1984 huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Ilikuwa siku ya kupumzika lakini yeye akatoka tu kutembea, na katikati ya vijiwe vyeusi akaona kipande cha fuvu, kidogo kama kiberiti, rangi karibu ni ile ile ya mawe. Hebu fikiria ile jua, mawe kila mahali, na mtu anajua hii moja ni mfupa! Kuanzia hapo wakachimba misimu kadhaa hadi wakatoa sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyekufa kama miaka milioni 1.5 iliyopita.

Kuna wenye husema ni bahati, mimi nakataa kabisa, juu huyo huyo ndiye 1964 alipata taya ya Peninj, ya kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Alianza kazi na akina Leakey 1960, masomo yake yaliishia primari, akajifunza mifupa kwa macho na mikono hadi akawa yeye ndiye anafundisha wengine. Na hakuwa peke yake, lile fuvu la kale lenye namba 1470 la Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, liliokotwa na Bernard Ngeneo 1972, na miaka mingi kabla yao kulikuwa na Heselon Mukiri akichimba na Louis Leakey, babake Richard.

Richard Leakey aliongoza hizo safari, hiyo simnyimi. Lakini kuongoza safari ni kazi moja na kuona mfupa ni nyingine. 1985 Rais Reagan wa Marekani alimkabidhi Kamoya medali White House kabisa, na hapa kwetu mtoto wa Makueni hajawahi sikia jina lake, hiyo inaniuma sana. Mzee alituacha Julai 2022.

Kwa hivyo kijana asifute Leakey, aandike Kamoya ndiye alipata na Leakey ndiye alikuwa mkubwa wa timu, na ticha akimuwekea kosa uniambie. Shule zikifungwa mlete Nairobi nimpeleke makumbusho pale Museum Hill.

Salimia mama sana.

Achieng